Baada ya mafuriko: Ramani ya mahali ugomvi unapoweza kuzuka

Maji ya Mto Tana yanapopungua, wakazi huanza kujenga upya, kupanda, kuchimba visima na kufungua barabara. Mafuriko ya 2018, ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yamewazoesha wakazi wa Kaunti ya Tana River kazi hiyo. Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba kila mradi wa kujikwamua huwekwa kwenye ardhi ambayo tayari ina watumiaji wake, na huenda watumiaji hao hawaelewani.

Hapo ndipo ramani ya hatari za migogoro inapohitajika. Hii si ramani ya mipaka ya wadi. Ni mchoro unaotengenezwa na wanakijiji wenyewe, unaoonyesha mashamba, malisho, visima, shule zinazogeuzwa kambi, na hasa malka, yaani njia ambazo mifugo hupitia kufika mtoni. Juu ya hayo huwekwa alama mahali ambapo watu wamewahi kugombana na mahali wanapohofia watagombana.

Kwa nini mafuriko yalete ugomvi? Wakulima wa kandokando ya mto huhamia sehemu zilizoinuka, ambako wafugaji nao wamekimbiza ng'ombe wao. Watu na mifugo hubanana mahali pamoja kwa wiki kadhaa. Maji yakiondoka huacha tope lenye rutuba. Mkulima hulitaka kwa mahindi na mpunga, mfugaji huona nyasi changa zikichipua hapo hapo. Ua limesombwa, mti uliokuwa alama ya mpaka haupo, na Tana ni mto ambao umewahi kubadili mkondo. Shamba lililokuwa ng'ambo hii laweza kujikuta ng'ambo ile. Na malka iliyozibwa na tope husukuma ng'ombe kupita kwenye migomba ya mtu.

Gharama ya kupuuza mambo haya inajulikana. Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa katika kijiji cha Riketa, Tana Delta. Kufikia Januari 2013 idadi ya waliouawa katika mashambulizi ya kulipiza kisasi ilikuwa imepita 100. Mvutano wa maji na malisho ulikuwa wa miaka mingi, lakini kulikuwa pia na kiangazi, silaha, na uchaguzi wa Machi 2013 uliokuwa unakaribia. Kwa hivyo ramani bila kalenda ni nusu ya kazi. Kando ya mchoro ni lazima iandikwe miezi ya mvua, ya kuvuna, ya mifugo kuingia delta kutoka kaunti jirani, na miaka ya kura.

Kuchora hakuhitaji kompyuta. Wanakijiji huanza chini, kwa fimbo, majivu na mawe, kisha hunakili kwenye karatasi ya manila. Ni vyema wanawake, vijana na wazee wachore kwanza kila kundi peke yake. Mwanamke anayeteka maji anajua ni kisima kipi foleni yake huishia kwa matusi. Kijana mchungaji anajua njia inayotumika usiku. Barazani, mbele ya wazee, hayo hayasemwi. Baadaye michoro hulinganishwa, na pale inapotofautiana ndipo penye habari muhimu zaidi. Wazee wa Gasa kwa upande wa Wapokomo na wa Matadedha kwa upande wa Waorma wana nafasi yao ya kuithibitisha, ila jamii ndogo kama Wawaata zisipoitwa mapema, ramani itatoka bila wao, kama ilivyo kawaida.

Chukua mfano wa kisima. Mhandisi hutafuta penye maji chini ya ardhi, na akipapata, kazi yake imekwisha. Ramani humwambia kwamba hatua mia kutoka hapo kuna malka, na ng'ambo yake kuna mashamba yaliyorudiwa juzi. Si lazima mradi ufutwe. Birika la mifugo laweza kujengwa upande wa malisho, bomba la matumizi ya nyumbani likapelekwa upande wa kijiji, na kamati ya kisima ikawa na watu wa pande zote. Gharama inayoongezeka ni ya mabomba. Kambi ya waliohamishwa nayo huangaliwa hivyo hivyo: ikikaa juu ya malisho ya kiangazi, iwekewe tarehe ya kufungwa tangu siku ya kwanza.

Tahadhari moja haina mjadala. Ramani haiandiki majina ya watu, wala haisemi ukoo fulani ndio wachokozi. Huonyesha mahali, kitu kinachogombaniwa na majira. Karatasi yenye majina ikiangukia mikono mibaya ni orodha ya kulipiza kisasi.

Mchoro ukikamilika, nakala ipelekwe kwa msimamizi wa wadi na kwa chifu, na isomwe katika mikutano ya kukusanya maoni ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka ufikishwe katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Kijiji kitakachochora Oktoba kitasubiri mpango wa mwaka unaofuata, na mvua za vuli hazitasubiri.