Kuchagua Masomo ya Sekondari: Neno kwa Wazazi

Mzee mmoja wa Mufindi alitujia ofisini hivi karibuni, na baada ya kusalimiana akatoa katika bahasha matokeo ya Kidato cha Nne ya binti yake. Matokeo yalikuwa mazuri. Kiswahili alipata B, Historia B, Biolojia C, na mengine hayakuwa ya kumfedhehesha mtu. Binti huyo tangu utoto ametaka kuwa muuguzi, kwa kuwa shangazi yake ni muuguzi, na baba alikuwa tayari kuuza viazi vyake na hata ng’ombe mmoja ili ampeleke chuoni. Chuo kimemkataa. Si kwa sababu ya alama ndogo, bali kwa sababu katika karatasi ile Kemia na Fizikia hazimo kabisa.

Tulimwuliza mzee ni lini masomo hayo mawili yaliachwa. Hakujua. Binti mwenyewe alikumbuka kwa shida: ilikuwa baada ya mtihani wa Kidato cha Pili, karatasi ilizungushwa darasani, kila mmoja akaandika jina lake upande wa sayansi au upande wa sanaa, naye akaandika pale alipoandika rafiki yake. Kazi ya dakika chache. Nyumbani hakuna aliyeulizwa, wala hakuna aliyejua kwamba siku hiyo kulikuwa na jambo la kuuliza.

Tumeona vema tuliandike jambo hili sasa, kabla watoto hawajavaa sare mpya na kuingia Kidato cha Kwanza mwezi wa Januari. Mzazi hununua madaftari, sare na ndoo, hutafuta nauli ya kwenda Mbeya au Iringa mjini, na baada ya hapo hudhani kwamba sehemu yake imekwisha, mengine ni ya walimu. La hasha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Mlezi mkuu hawezi kuikosa siku ile ya karatasi.

Na tueleze kwanza jinsi mambo yalivyo. Katika sekondari zetu yapo masomo ambayo kila mwanafunzi hana budi kuyasoma, kama vile Hisabati, Kiswahili na Kiingereza. Yapo na mengine ya kuchagua. Kwa desturi ya miaka mingi, njia panda kubwa imekuwa mwishoni mwa Kidato cha Pili, ambapo mtoto huendelea na Fizikia na Kemia au huziacha. Mtaala mpya, ulioanza kutumika mwezi wa Januari 2024, umeweka njia panda nyingine mapema zaidi, mlangoni kabisa: mkondo wa elimu ya jumla kwa upande mmoja, na mkondo wa amali kwa upande mwingine, ambamo mtoto hujifunza pia kazi ya mikono au ya fani maalumu, mathalan kilimo, ujenzi, umeme au ushonaji. Si kila shule ina mkondo wa amali. Kwa hiyo mara nyingi anayechagua shule amekwisha kuchagua na mkondo, ajue asijue.

Turudi kwa binti wa Mufindi, maana kosa lake ndilo la wengi. Vyuo vya uuguzi na vya utabibu ngazi ya stashahada hudai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake ni daraja la D na kuendelea, na D huanza kwenye alama 30. Msomaji na atafakari hapo. Mtoto aliyepata 33 katika Fizikia huchekwa na wenzake, na pengine hata na baba yake. Kumbe kwa alama hizo za kuchekwa anao ufunguo ambao mwenye B ya Historia, asiye na Fizikia, hana. Hatusemi kwamba D inatosha kuingilia popote, kwa maana waombaji ni wengi na vyuo huchukua walio bora kwanza. Twasema tu kwamba aliye na D husimama mlangoni akiomba, na asiye nayo hakaribii mlango.

Husemwa kwamba masomo magumu yataharibu daraja la mtoto. Jambo hili lachunguzwa mara chache, ingawa ni rahisi kulichunguza. Baraza la Mitihani hupanga daraja la Kidato cha Nne kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Aliyefanya masomo tisa na kuanguka katika mawili, daraja lake hutokana na yale saba mengine. Basi Fizikia haimwibii mtoto daraja. Humwibia muda, na hiyo ni hasara ya kweli ambayo kila familia yapasa kuipima. Lakini na tusichanganye hasara ya muda na hasara ya daraja. Tumesikia pia kwamba zipo shule ambazo huwasukuma wanyonge watoke katika sayansi ili wastani wa shule upendeze. Hatutaji mahali. Mwalimu afanyaye hivyo, hata akiwa katika shule yenye msalaba juu ya paa, anajenga sifa ya shule kwa mustakabali wa mtoto wa mtu.

Kuna jambo la pili, nalo twalitilia mkazo zaidi kwa kuwa wengi hawalioni. Mtoto wetu wa Rungwe, wa Kilolo au wa Mbarali amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Januari anaingia darasa ambalo Biolojia, Jiografia, Kemia na Fizikia vyote vyafundishwa kwa Kiingereza. Mtihani wa kwanza ukija, anapata 18 katika Fizikia, naye anaandika nyumbani kwamba Fizikia ni ngumu na yeye hana kipaji. Je, ni Fizikia iliyomshinda? Mwulizeni kwa Kiswahili kwa nini jembe lenye mpini mrefu humpa mtu nguvu zaidi anapolitumia kung’oa jiwe, naye atawaeleza vizuri. Kilichomshinda ni lugha ya swali. Muhula wa kwanza, na hata mwaka wa kwanza, hupima Kiingereza kuliko unavyopima akili. Kwa hiyo twawasihi wazazi wasikubali somo lolote liachwe kwa ushahidi wa Kidato cha Kwanza peke yake, na kama ipo fedha kidogo ya masomo ya ziada, itumike kwanza kwa Kiingereza na Hisabati, ambazo hubeba mengine yote mgongoni.

Isidhaniwe kwamba twahubiri sayansi na kuwadharau wengine. Lipo kosa la upande wa pili, la mzazi anayemlazimisha mwanawe awe daktari kwa sababu jirani ana mtoto daktari. Mwalimu Julius Nyerere, alipotoka Makerere, alifundisha Biolojia na Kiingereza katika shule ya Mapadre ya Mtakatifu Maria, Tabora. Na mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mtu mmoja, na ubao mmoja, ulibeba mifupa ya chura na sarufi. Mtoto apendaye Historia na asome Historia kwa moyo wote. Tunahitaji mahakimu, walimu na waandishi, na chuo kikuu chetu cha Ruaha pale Iringa kina kitivo cha sheria. Twaomba tu kwamba aiendee Historia kwa kuipenda, asiikimbilie kwa kuiogopa Kemia.

Na amali je? Hapa twakiri kwamba Wakristo wengi bado wana aibu isiyo na msingi. Shule ya ufundi ya Ifunda, karibu na Iringa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1970 sekondari zetu ziligawiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Na kila mara wazazi waliguna kwamba mtoto hakupelekwa shule ili arudi jembeni. Mtume Paulo alishona mahema. Papa Pius wa Kumi na Mbili aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, tukaifurahia, na bado twaona haya mtoto akisema anataka kuwa fundi umeme. Watazameni majirani zenu. Mufindi yote ni chai na misitu, Rungwe na Njombe wamejaa parachichi, Usangu yalisha mchele nchi nzima. Mashine za viwanda vya chai huharibika, mifereji ya mpunga hubomoka, miche ya parachichi huugua, na anayeitwa kutengeneza hulipwa. Lakini kabla ya kumwandikisha mtoto katika mkondo wa amali, mzazi na aende akatazame kwa macho yake. Karakana ipo? Vifaa vipo, au vimeandikwa tu katika karatasi? Mwalimu wa fani hiyo ameshaajiriwa? Amali bila karakana ni jina tu.

Swali kama hilo lafaa na kwa sayansi. Karibu mwaka 2014 wananchi wengi walichangishwa kujenga maabara katika shule za kata. Majengo yakasimama. Mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu, kama ndani yake kuna mwalimu wa Fizikia, na kama mtoto atashika chombo kwa mkono wake kabla ya siku ya mtihani. Mama asiyejua Kiingereza aweza kuuliza hayo kwa Kiswahili safi, na mkuu wa shule atamjibu.

Juu ya Kidato cha Tano tutasema machache. Tahasusi, yaani zile “kombi” wanazozitaja vijana, zilikuwa 16. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuziongeza hadi 65. Wingi huo wafurahisha, lakini hakuna shule yenye zote, na bado atakiwa mtu awe na C au zaidi katika masomo walau matatu. Asiyesoma Kemia hatapata tahasusi yenye Kemia, ziwe 16 au 65.

Neno moja zaidi, ambalo pengine hamkulitazamia kutoka kwa padre. Somo la Maarifa ya Biblia twalipenda na twataka watoto walisome. Lakini tumekwisha kusema kwamba vyuo vya afya huhesabu masomo manne yasiyo ya dini. Mtoto asijitie moyo kwamba A ya Biblia itaziba pengo la Fizikia. Haitaziba.

Basi wazazi wa Kidato cha Kwanza, andikeni kalendani, tangu sasa, miezi ya mwisho ya Kidato cha Pili. Kabla ya siku hiyo mketi na mtoto baada ya sala ya jioni, mumwulize anataka kuwa nani, kisha mtafute mtu aliyepita njia hiyo, muuguzi, fundi au mwalimu wa parokiani, awaambie ni masomo gani chuo kilimdai. Mkishajua, nendeni shuleni mkaseme.

Yule binti wa Mufindi hatukumwacha hivi hivi. Njia ipo, nayo ni ndefu: kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, kusoma Kemia na Fizikia upya tangu mwanzo, na kutafuta kituo chenye maabara ya vitendo, mtihani ukiwa mwezi wa Novemba. Baba yake alitusikiliza hadi mwisho, akauliza vitabu viwili hivyo vyauzwa wapi, akaandika majina yake nyuma ya bahasha ileile, akaondoka kuwahi basi la Mafinga.