Mchezo Unaofundisha Kusoma

Swali: Je, michezo ya kwenye simu inaweza kumfundisha mtoto kusoma?

Jibu: Inaweza, ikiwa mchezo wenyewe ndio somo. Mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi vyenye programu zilizoshindanishwa katika vijiji takriban 170, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kuingia darasani. Kwa miezi 15 walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Kitkit School, programu iliyojaa michezo, iliibuka mshindi mwaka 2019 pamoja na programu ya onebillion.

Nguvu ya mchezo wa aina hii ni jibu la papo hapo: mtoto akikosea herufi hujua mara moja, akajaribu tena bila kuchekwa.

Nyota na pointi pekee hazitoshi. Mzazi ampe mtoto maneno yaleyale ya mchezo kwenye karatasi; akishindwa kuyasoma, atafutiwe mchezo mwingine.