SOMO: KUCHAGUA KODIANI NYEPESI YA KUPIGIA JUKWAANI

Na mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu



Kwaya inapopata fedha za kununua kodiani, swali la kwanza linaloulizwa katika kikao huwa hili: "Ni kubwa kiasi gani?" Wengi wetu hudhani kwamba kodiani kubwa ndiyo bora. Katika somo hili napenda tujifunze kutanguliza swali jingine: "Nani ataibeba, na kwa muda gani?" Kodiani si kinanda cha kuwekwa sakafuni. Huning'inia mabegani mwa mtu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na mtu huyo anatakiwa avute, asukume, amtazame mwongozaji, na pengine aimbe pia. Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tusiamue uzito wa mzigo kabla ya kumwuliza mwenye kuubeba.

1. Ilianza ikiwa ndogo

Cyrill Demian wa Vienna, Austria, alipoandikisha ala yake mwaka 1829, ilikuwa kisanduku kidogo chenye vibao vichache tu, cha kubebeka mkononi. Mafundi waliofuata ndio walioikuza. Mmoja wao ni Paolo Soprani, aliyeanza kazi hiyo Castelfidardo, Italia, mwaka 1863. Polepole ala ikapata vibao kama vya piano upande wa kulia na vifungo vya besi upande wa kushoto. Huku kwetu imesikika sana katika taarabu ya Unguja, na katika mwomboko wa Wakikuyu huko Kenya.

2. Uzito unatoka wapi?

Ndani ya kodiani mna vilimi vyembamba vya chuma. Hewa ya mivukuto ikipita, kilimi hutetema na kutoa noti. Lakini kilimi kimoja hulia hewa ikienda upande mmoja tu. Kwa hiyo kila noti huhitaji vilimi viwili, kimoja cha kuvuta na kimoja cha kusukuma. Tena kodiani nyingi zina safu mbili, tatu au nne za vilimi kwa kila kibao.

Basi tupige hesabu ya mkono wa kulia peke yake. Kodiani kubwa ya vibao 41 na safu 4 ina vilimi 41 x 4 x 2, yaani 328. Ya vibao 34 na safu 3 ina 204. Ya vibao 26 na safu 2 ina 104 tu. Kila kilimi kimefungwa kwenye kipande cha madini, na vipande hivyo vimepangwa juu ya miti maalumu ndani ya sanduku. Huko ndiko kilo zinakotoka.

Kwa kawaida kodiani ya vifungo 120 huwa na kilo 10 hadi 12. Ya vifungo 72 huwa na kilo 7 au 8 hivi, na ya vifungo 48 huwa kama kilo 5 au 6. Zipo zinazopita au kupungua hapo; kwa hiyo dawa ni kuipima kwenye mizani. Mizani ya duka la nafaka yatosha.

3. Tukipunguza vifungo tunapoteza nini?

Hapa ndipo watu wanapoogopa bure. Vifungo 120 vimepangwa katika mistari 20 ya vifungo 6. Lakini oktava moja ya muziki wetu ina noti 12 tu. Maana yake ni kwamba mistari 8 kati ya ile 20 ni marudio. Kodiani ya vifungo 72 ina mistari 12 ya vifungo 6, nayo yatosha noti zote 12, pamoja na vifungo vinavyotoa noti za pamoja za kufuatana na kila besi.

Marudio yale yana faida yake: mpigaji stadi hapati kuruka mbali anapobadili doh katikati ya wimbo. Lakini kwa nyimbo zetu za kawaida, doh ikiwa C, F, G au D, vifungo unavyohitaji viko karibu na katikati. Kitafute kifungo cha C: huwa na kishimo au alama, ili kidole kikitambue bila macho.

Ukitaka ya vifungo 48, hesabu mistari kabla ya kulipa. Nyingine zina mistari 12 ya vifungo 4. Nyingine zina mistari 8 ya vifungo 6, na hizi hazina noti za pamoja za besi zote. Upande wa kulia, vibao 34 hutoa oktava mbili na zaidi ya nusu, vibao 26 hutoa oktava mbili na kidogo. Kuongoza sauti ya kwanza ya kwaya hakuhitaji zaidi ya hapo.

4. Je, itasikika?

Wingi wa safu hauongezi sauti kama watu wanavyodhani. Kodiani ya safu mbili isiyovuja hewa hushinda ya safu nne iliyochoka. Mkipiga uwanjani bila umeme, tafuteni safu tatu, mojawapo ikiwa ya oktava ya chini, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotia unene. Mkiwa na maikrofoni, safu mbili zatosha. Kumbukeni tu kwamba kodiani hutoa sauti pande zote mbili. Wekeni maikrofoni moja kulia na nyingine kushoto, ya kushoto ikae mbali kidogo, maana mkono ule husogea pamoja na mivukuto.

5. Majaribio kabla ya kulipa

Asiende mweka hazina peke yake. Aende mpigaji mwenyewe, afanye haya:

(a) Afungue vishikizo vya mivukuto, ashike upande wa vibao juu, aache upande wa besi uning'inie bila kubonyeza chochote. Ukishuka polepole, ni vizuri. Ukianguka kama ndoo kisimani, hewa inavuja.

(b) Apige kila kibao na kila kifungo, akivuta na akisukuma, kwa nguvu na kwa upole. Kibao kikilia vizuri kwa kuvuta na kugoma kwa kusukuma, kilimi kimoja kina hitilafu.

(c) Ainuse. Harufu ya ukungu ni dalili ya unyevu, na unyevu huleta kutu kwenye vilimi. Sisi wa pwani tuangalie zaidi.

(d) Asimame nayo dakika 20 akipiga mfululizo. Mabega yakiuma, vidole vikiingia ganzi, au mgongo ukipinda nyuma, kodiani hiyo si yake, hata ikiwa na sauti ya kupendeza.

6. Mikanda

Kodiani nyepesi yenye mikanda mibaya huwa nzito. Tafuteni mikanda miwili mipana ya mabegani, na mkanda mdogo wa mgongoni wa kuiunganisha isiteleze. Mkanda wa kushoto ufupishwe kidogo kuliko wa kulia. Ala ikae kifuani, isining'inie tumboni. Wimbo ukiisha, mivukuto ifungwe. Na mpigaji akiketi baina ya nyimbo si aibu.

7. Jua na nta

Katika kodiani nyingi vilimi vimeshikizwa kwa nta, na nta huyeyuka. Usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, wala chini ya bati lenye joto. Kilimi kikihama mahali pake, noti hunyamaza au hukoroma, na mafundi wa kazi hiyo ni wachache.

Kwa nini nimesisitiza uzito?

Kwa sababu uzito ndio unaochagua mpigaji. Nimewahi kuona kwaya iliyochangishana ikanunua kodiani ya vifungo 120. Msichana aliyejua kupiga kuliko wote hakuweza kusimama nayo nyimbo tatu. Akapewa kijana mwenye kifua kipana, ambaye alijua nyimbo nne tu. Kijana alipohama, ala ikakaa stoo. Ya vifungo 72 ingemtosha yule msichana. Fedha za watu zilinunua vifungo vya marudio, zikampoteza mpigaji.

Maswali ya kujadili

1. Katika kwaya yenu ni nani anayejua kupiga vizuri zaidi, na anaweza kubeba kilo ngapi akiwa amesimama?
2. Nyimbo mnazoimba zina doh zipi? Ziorodhesheni, kisha hesabuni besi mnazohitaji.
3. Kodiani ina vibao 30 na safu 2. Mkono wa kulia una vilimi vingapi?