Paneli ya Jua Dodoma: Wati za Lebo na Umeme Utakaoupata

Dodoma hupata jua kali kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwani mvua zake hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Hata hivyo, tunawatahadharisha wanunuzi kwamba paneli iliyoandikwa wati 300 haitoi wati 300 mchana kutwa. Kipimo hicho huchukuliwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25. Juu ya bati, seli huweza kupita nyuzijoto 50, na kila nyuzijoto inayozidi hupunguza nguvu kwa takribani asilimia 0.3 hadi 0.4. Vumbi na nyaya huongeza upotevu.

Tufanye hesabu. Tukikadiria jua kamili kwa muda wa saa 5 kwa siku, wati 300 mara 5 ni wati-saa 1,500. Tukiondoa robo kwa upotevu, hubaki wati-saa 1,125, yaani uniti moja na ushee.

Kabla ya kulipa, jumlisha matumizi ya vifaa vyako vyote kwa siku, kisha uyalinganishe na kiasi hicho, si na lebo. Paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo, na ifutwe vumbi wakati wa kiangazi. Dai risiti na hati ya dhamana.