Somo la Usalama Kazini: Trekta, Tela na Njia ya Watu Wote



Somo hili linawahusu madereva wa matrekta, pikapu na pikipiki za shamba, pamoja na wenzao wanaopanda tela kila asubuhi. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika mikutano ya matawi, maana wapo wengi linaowahusu ambao gazeti haliwafikii.

NJIA NI YA NANI?

Masaka iko katika Wilaya ya Kicukiro, mashariki mwa Jiji la Kigali. Ukiiacha barabara ya lami iendayo Rwamagana, unaingia njia za udongo zinazopanda vilima na kushuka mabondeni. Humo hupita watoto wa shule, mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani, kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi, ng'ombe na mbuzi. Mara nyingi ni wakazi hao hao wanaozibua mitaro na kufukia mashimo siku ya Umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo dereva akumbuke kwamba trekta halina haki kubwa ya njia kuliko mtu wa miguu. Kanuni ya somo hili ni moja: mwenye uzito mkubwa ndiye mwenye wajibu mkubwa. Mtu wa miguu akikosea, huumia yeye. Dereva akikosea, huumia wengine.

1. KABLA YA KUONDOKA

Zunguka chombo chako kwa miguu. Tazama tairi, taa, usukani na breki. Trekta lina pedeli mbili za breki, ya kushoto na ya kulia. Shambani huachanishwa ili trekta ligeuke upesi mwisho wa tuta. Njiani lazima zifungwe pamoja. Ukikanyaga moja tu ukiwa katika mwendo, trekta huvutwa upande mmoja na huweza kupinduka.

Tela lifungwe kwenye ndoano ya chini tu. Likifungwa juu, mzigo mzito mlimani huinua magurudumu ya mbele, na trekta hupinduka kinyumenyume katika muda usiofika sekunde 2. Dereva hana nafasi ya kuruka. Pini ya tela nayo iwe na kufuli yake, isiwe msumari uliokunjwa.

2. KUSHUKA NA KUPANDA

Chagua gia ndogo ukiwa bado juu ya kilima, kabla hujaanza kushuka. Injini yenyewe ndiyo ikuzuie, na breki isaidie. Wako wanaotoa gia ili kuokoa mafuta. Huo si uwekevu hata kidogo. Tela lenye mzigo halina huruma, nalo husukuma trekta mpaka breki zinapata moto na kushindwa.

Kumbuka hesabu hii. Katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa, unakwenda zaidi ya mita 5 kila sekunde. Katika kilomita 40 ni mita 11. Na mwendo ukiongezeka mara 2, breki huhitaji umbali mara 4 ili kukusimamisha. Kona za Masaka hazikupi umbali huo.

Njia ikiwa nyembamba, anayeshuka amsubiri anayepanda, kwa kuwa mwenye mzigo akisimama mlimani huweza kurudi nyuma.

3. UNAPOKUTANA NA WATU

Nchini Rwanda tunaendesha upande wa kulia. Wenzetu waliojifunza Tanzania, Kenya au Uganda walizoea kushoto. Wajihadhari hasa wanapotoka shambani kuingia njiani, maana hapo ndipo mazoea ya zamani hurudi.

Punguza mwendo mapema, si ukiwa umeshafika. Vumbi lako humfumba macho mwendesha baiskeli, na anayekuja nyuma hamwoni tena. Kwa mifugo, usipige honi karibu. Simama, mchungaji aipitishe. Penye watoto, ukimwona mmoja amevuka, jua kwamba mwenzake yuko nyuma.

4. WAKATI WA MVUA

Mvua hunyesha sana kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Udongo ukilowa, kingo za njia hulainika na kubomoka. Kaa mbali na mtaro na ukingo wa bonde. Usikwepe tope kwa kukata shamba la jirani. Mazao yake ndiyo mshahara wake. Ikiwezekana, subiri njia ikauke. Mikondo ya tairi unayoichimba leo ndiyo mifereji ya maji kesho, na wanafunzi ndio watakaoteleza humo.

5. WATU JUU YA TELA

Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Tela la mizigo halina viti wala pa kujishikilia. Likiyumba, watu huangukia chini ya magurudumu. Kukaa juu ya bampa la tairi la trekta ni hatari ile ile.

Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2001, unasema mashine za kilimo zisitumike kubeba watu isipokuwa zimeundwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo. Unasema pia kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya haki ya kuona hatari kubwa iliyo karibu anaweza kujiondoa, akamwarifu msimamizi wake mara moja, wala asiadhibiwe kwa hilo. Hata pale ambapo nchi haijauridhia, mkataba huo ni kipimo kizuri cha kuwekea madai yetu mezani.

NANI ANAPANGA MWENDO?

Dereva anayelipwa kwa idadi ya safari atakimbia. Dereva anayeambiwa "peleka watu wote kwa safari moja" atajaza tela. Ajali inayotokea konani mara nyingi ilianza asubuhi, pale amri ilipotolewa. Kwa hiyo kumkemea dereva peke yake hakutoshi. Tawi lidai malipo yasiyotegemea mbio, gari lenye viti la kubebea wafanyakazi, na fremu ya kinga pamoja na mkanda kwenye kila trekta. Uswidi iliagiza fremu hiyo kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana.

Nasi wafanyakazi tuna sehemu yetu. Dereva akikataa kuondoka kwa sababu watu wamejaa telani, tusimzomee kwamba anatuchelewesha. Tushuke, tusimame naye.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Kwetu, pedeli za breki hufungwa pamoja kabla ya trekta kutoka shambani? Nani hukagua?
2. Ni sehemu zipi za njia yetu ambapo watoto hupita kwa wingi, na saa ngapi?
3. Dereva akikataa amri ya hatari, ni mjumbe gani atakayekwenda naye ofisini siku hiyo hiyo?