Msamaha wa Mtihani wa GRE: Mwongozo kwa Waombaji wa Uzamili wa Sera za Umma Nchini Marekani

1. Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mhitimu wa Afrika Mashariki anayetaka kusoma uzamili wa sera za umma (MPP) au wa utawala wa umma (MPA) katika chuo cha Marekani. Huenda wewe ni afisa mipango wa halmashauri, mwanasheria, mwandishi wa habari, au unafanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini katika shirika. Umesikia kwamba siku hizi GRE si lazima, na unataka kujua kama habari hiyo inakuhusu.

Jibu kwa ufupi: vyuo vingi vimelegeza sharti la mtihani, lakini bado vinataka kujua kama utayaweza masomo ya hesabu. Msamaha ukiupata, swali hilo litabaki palepale, na ni wewe utakayelijibu kwa njia nyingine.

2. GRE ni mtihani gani

GRE ni mtihani sanifu unaoendeshwa na taasisi ya Marekani iitwayo ETS. Una sehemu tatu: ufahamu wa lugha ya Kiingereza, hesabu, na insha. Lugha na hesabu kila moja hupimwa kwa alama 130 hadi 170. Insha hupimwa kwa 0 hadi 6. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa na huchukua muda usiofika saa mbili. Matokeo hudumu miaka 5.

Ada yake imekuwa dola 220 katika nchi nyingi. Kwa Tanzania hiyo ni zaidi ya nusu milioni ya shilingi, kabla hujahesabu vitabu vya mazoezi na nauli ya kwenda mjini kwenye kituo. Ni haki yako kujiuliza kama fedha hiyo inahitajika kutoka.

3. Kwa nini shule za sera hung'ang'ania hesabu

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliziagiza idara za serikali ya Marekani kupanga bajeti kwa kulinganisha gharama na matokeo ya kila mradi. Walihitajika watu wanaojua uchumi na takwimu, na pia wanaojua namna serikali inavyofanya kazi. Katika miaka iliyofuata vyuo vikaanzisha shule za kuwaandaa watu hao. Shule ya sera ya University of California, Berkeley, kwa mfano, ilianza mwaka 1969.

Asili hiyo bado inaonekana katika ratiba ya mwaka wa kwanza: takwimu, maikroekonomia, uchambuzi wa gharama na faida. Mwanafunzi hupewa takwimu za mahudhurio ya shule, akaambiwa apime kama mpango wa chakula cha mchana ndio ulioongeza mahudhurio au kuna sababu nyingine. Kwa hiyo kamati ya udahili inaposoma maombi yako huwa na wasiwasi isioutaja: je, huyu anayeandika vizuri hivi, hatakwama kwenye darasa la takwimu mwezi wa kwanza tu?

GRE ilikuwa njia rahisi ya kuupunguza wasiwasi huo.

4. Soma sharti la chuo neno kwa neno

Mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, vyuo vingi viliondoa sharti hilo kwa muda. Baadhi havikulirudisha, vingine vimelirudisha. Hata taasisi ya MIT, kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, ilitangaza mwaka 2022 kurudisha sharti la mitihani sanifu ililokuwa imelisimamisha. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyeomba miaka mitatu iliyopita. Fungua maelekezo ya mwaka wako, ya programu yako hasa, kwa sababu programu mbili za shule moja zinaweza kuwa na masharti tofauti.

Utakutana na moja ya hali hizi nne:

- Mtihani unahitajika. Bila alama, maombi hayajakamilika.
- Mtihani ni wa hiari. Huombi ruhusa yoyote. Unaamua mwenyewe kutuma alama au kutotuma.
- Msamaha hutolewa kwa maombi. Mtihani ni sharti, ila unaweza kuandika ukaondolewa. Hapa ndipo barua inapohitajika.
- Mtihani hautazamwi kabisa. Hata ukituma alama, hazitasomwa.

Pia usichanganye msamaha huu na mingine miwili. Msamaha wa ada ya maombi unahusu fedha unayolipa chuo ili fomu yako ipokelewe. Msamaha wa mtihani wa Kiingereza, yaani TOEFL au IELTS, mara nyingi huwahusu waliosoma shahada yao kwa Kiingereza. Kila mmoja una utaratibu wake. Kupata mmoja hakukupi mwingine.

Kumbuka vilevile kwamba kuna programu zinazodai masomo maalumu. Programu ya MPA ya maendeleo ya kimataifa katika Harvard Kennedy School, kwa mfano, humtaka mwombaji awe amesoma maikroekonomia, makroekonomia na kalkulasi ya ngazi ya chuo. Pengo la namna hiyo halizibwi na alama za mtihani wala na msamaha.

5. Ufanye mtihani au uombe msamaha?

*Fikiria kuomba msamaha, au kutotuma alama pale mtihani ulipo wa hiari,* ikiwa transkripti yako ina masomo ya takwimu, hesabu au uchumi yenye alama nzuri. Ikiwa kazi yako ya miaka kadhaa ni ya kushughulika na takwimu au bajeti. Au ikiwa umejaribu mtihani wa mazoezi na alama zako ziko chini ya zile ambazo chuo hutangaza kwa wanafunzi wake.

*Fikiria kufanya mtihani* ikiwa shahada yako haina somo hata moja la hesabu, kama inavyowatokea wengi waliosoma sheria au fasihi. Ikiwa alama zako za hesabu chuoni zilikuwa dhaifu na tangu hapo umejiendeleza. Au ikiwa unaomba vyuo vingi na kimojawapo bado kinauhitaji. Angalia na ufadhili pia: kuna misaada ya masomo yenye masharti yake, ambayo hayafungwi na uamuzi wa chuo.

6. Ushahidi unaoweza kushika nafasi ya alama

Kamati inataka mambo inayoweza kuyathibitisha. Haya manne yana uzito:

1. Masomo. Orodhesha kila somo la hesabu, takwimu, uchumi au mbinu za utafiti, mwaka uliolisoma na alama uliyopata. Usigeuze mwenyewe GPA ya kipimo cha 5 kuwa ya kipimo cha 4, isipokuwa chuo kimekuelekeza.
2. Kazi. Dai kama "Nina uzoefu wa takwimu" hakuna mtu anayeweza kulipima. "Niliandaa makisio ya bajeti ya shule 64 kwa Excel" linapimika.
3. Kozi ya karibuni. Kama ulisoma takwimu zamani, au hukusoma kabisa, chukua kozi yenye mitihani na cheti, chuoni au mtandaoni, kabla ya kuomba.
4. Mdhamini. Mmoja wa wanaokuandikia barua za mapendekezo awe amekuona ukifanya kazi ya namba, na aitaje. Barua ya mkubwa mwenye cheo asiyekujua haitakusaidia hapa.

7. Mfano wa barua

Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza. Mpangilio wake uwe hivi:

> *Kwa Kamati ya Udahili,*
>
> *Naomba kuondolewa sharti la GRE katika maombi yangu ya MPP. Shahada yangu ni ya sosholojia, ambamo nilisoma masomo mawili ya takwimu na kupata A na B+. Kwa miaka minne nimekuwa afisa mipango wa halmashauri ya wilaya. Kazi yangu ni kuandaa makisio ya bajeti ya elimu ya msingi na kukokotoa uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu, kata kwa kata. Mkuu wa idara yangu ameieleza kazi hiyo katika barua yake ya mapendekezo.*
>
> *Nimeambatanisha transkripti na orodha ya masomo yangu ya hesabu. Endapo ombi hili halitakubaliwa, naomba kujulishwa mapema ili niweze kufanya mtihani kabla ya tarehe ya mwisho.*

Angalia kwamba mwandishi haombi kuhurumiwa. Ugumu wa ada au umbali wa kituo unaweza kutajwa kwa sentensi moja ikiwa ni kweli, lakini hauonyeshi kwamba utayamudu masomo. Na sentensi ya mwisho inamlinda: akikataliwa, bado ana muda.

8. Ukiamua kufanya mtihani

Unaweza kuufanya kituoni au nyumbani kwa kompyuta yenye kamera na kipaza sauti. Wa nyumbani unahitaji chumba ambamo uko peke yako na intaneti isiyokatika. Kama umeme wa mtaani kwenu ni wa mgawo, afadhali kituo. Jina ulilojisajilia lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye pasipoti yako. Ukifanya zaidi ya mara moja, ETS hukuruhusu kuchagua alama za kutuma.

9. Jihadhari na vishoka

Msamaha hutolewa na chuo peke yake, na hauuzwi. Mtu anayekutoza fedha "akutafutie waiver", yaani msamaha huo, anauza kitu asicho nacho. Anayejitolea kukufanyia mtihani anakuweka katika hatari ya kufutiwa matokeo na kunyang'anywa nafasi. Ushauri wa bure unapatikana kwenye vituo vya EducationUSA, mtandao wa ushauri wa masomo wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

10. Kalenda yako

Programu nyingi huanza Agosti au Septemba, na maombi yake hufungwa kati ya Desemba na Januari. Rudi nyuma kutoka hapo:

- Mei na Juni: orodhesha programu na sharti la kila moja kuhusu mtihani. Jaribu mtihani wa mazoezi.
- Julai na Agosti: anza kozi ya takwimu kama una pengo. Zungumza na wadhamini.
- Septemba: tuma barua za kuomba msamaha, na utunze majibu yote ya maandishi.
- Oktoba: waliokataliwa wafanye mtihani, matokeo rasmi huchukua siku 8 hadi 10.
- Novemba: soma maombi yako yote kwa jicho la kamati. Kama hujaona ndani yake mahali panapoonyesha kwamba unaweza kufanya kazi ya namba, hayajawa tayari kutumwa, hata kama msamaha unao mkononi.