Amri ya Kugeuka Itokayo Nje ya Mwili

Katika masomo ya Biolojia mwanafunzi hujifunza kwamba kiluwiluwi wa chura hugeuka chini ya uongozi wa homoni za mwili wake mwenyewe. Lakini wako wanyama wengi wa baharini ambao kukomaa peke yake hakuwatoshi. Hao hungoja amri itokayo nje.

Mfano uliochunguzwa sana ni abaloni mwekundu, konokono mkubwa wa pwani ya California, Marekani. Kiluwiluwi wake huogelea kwa vijinywele, wala hali chochote ila akiba ya kiini alichotoka nacho yaini. Baada ya siku 7 hivi, katika maji ya nyuzi 15 za Sentigredi, huwa tayari. Hata hivyo hageuki. Huendelea kuelea mpaka aguse mwamba uliogandwa na mwani mwekundu wa chokaa, ule uonekanao kama rangi iliyopakwa juu ya jiwe. Hapo ndipo huacha kuogelea, hupoteza vijinywele vyake, na kuanza kujenga gamba la ukubwani. Hakuna kurudi nyuma: akitua pasipo chakula atakufa, na akikawia mno, akiba yake itakwisha.

Mwaka 1979 Daniel Morse na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitangaza kwamba asidi ya gama-aminobutiriki, kwa kifupi GABA, yaweza kutoa amri hiyo pasipo mwani wowote. Ajabu ni kwamba kemikali hiyo ndiyo ile ile itumiwayo na seli za neva katika ubongo wa binadamu kupelekeana habari. Kiasi cha sehemu 1 ya milioni ya moli kwa lita kilitosha. Mwanafunzi na akokotoe: moli moja ya GABA ina gramu 103, hivyo lita nzima ya maji ya bahari huhitaji miligramu 0.1 tu.

Husemwa kwa wepesi kwamba kiluwiluwi "huchagua" makao. Mwalimu afadhali aonye hapo. Molekuli za mwani, zitendazo kazi kama GABA, hushikana na vipokezi vya seli zake, na chaji ya umeme kwenye utando wa seli hubadilika. Ndiyo maana mwaka 1984 ilionyeshwa kwamba kuongeza ioni za potasiamu majini kulimgeuza hata bila GABA.

Si wanyama wote wafuatao amri hiyo moja. Mnyoo Hydroides elegans, ajengaye vijibomba vya chokaa kwenye matumbo ya meli, hungoja bakteria. Mwaka 2014 ilielezwa kwamba bakteria Pseudoalteromonas luteoviolacea hutoa vifaa vya protini, mfano wa sindano, ambavyo humchochea kugeuka.